Pembe hazikuota kwa ajili ya chui

Juni 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Tim Kuiper na wenzake juu ya hifadhi za faru za eneo la Hifadhi ya Taifa ya Kruger, Afrika Kusini. Faru 2,284 walikatwa pembe katika hifadhi nane, ujangili ukashuka kwa asilimia 78, na kazi hiyo ikala asilimia 1.2 tu ya fedha zote za ulinzi wa wanyama hao. Huku kwetu habari ile iligeuzwa haraka kuwa swali moja: faru asiye na pembe atajikinga na nini? Swali hilo lina huruma ndani yake, lakini limesimama juu ya dhana kwamba pembe ni silaha dhidi ya adui anayekula nyama. Unguja na Pemba hazina faru, ila dhana hiyohiyo imo mabandani mwetu. Ndiyo inayomfanya mfugaji wa ng'ombe wanne wa maziwa awaache na pembe zao "wasije wakakosa cha kujihami", kisha akashangaa mtamba anapotobolewa kiwele. Hoja yangu ni kwamba katika ukoo wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na paa, pembe zilikuzwa kwanza na ugomvi wa dume kwa dume. Chui na simba wamo katika hesabu, lakini wanahusu zaidi pembe za jike, tena jike wa mazingira maalumu. Asiyeitenganisha hesabu hiyo atakosea kumhukumu faru, na atakosea zaidi anapojenga banda.

Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani, maana vitu vinne tofauti huchanganywa. Pembe ya ndovu ni jino. Ya faru ni keratini tupu, dutu ileile ya kucha na nywele, haina mfupa ndani, na ikikatwa juu ya shina huota tena, ndiyo maana hifadhi hulazimika kurudia kazi kila baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Kulungu wa Ulaya ana pembe za mfupa mtupu zenye matawi, zinazoanguka kila mwaka na kuota upya. Ya ng'ombe na jamaa zake ni ya namna ya nne: kiini cha mfupa kilichovikwa ala ya keratini, haina matawi, haianguki, na hukua kutoka shinani, kwa hiyo ncha ndiyo sehemu kongwe. Kiini hicho hakichipui kutoka fuvuni. Huanzia kwenye ngozi, na ndama akiwa na wiki chache ukikisukuma kwa kidole kinatembea pamoja na ngozi. Karibu na miezi miwili kinashikana na mfupa wa paji. Baadaye, ndama akifikia nusu mwaka hivi, uwazi wa hewa uliomo ndani ya paji hupanda na kuingia katikati ya pembe. Maelezo haya yana kazi huko mbele.

Visukuku vinaonyesha kwamba mnyama wa kale wa ukoo huu aitwaye Eotragus, aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita, alikuwa na pembe fupi zilizonyooka juu ya macho. Mwaka 2019 kundi kubwa la wanasayansi lililosoma jeni za wanyama wanaocheua lilieleza kwamba pembe za jamaa hawa wote, pamoja na za kulungu wa Ulaya na vinundu vya twiga, zina chimbuko moja la kijeni, na kwamba wachache wasio nazo, kama paa wa miski wa Asia, walitokana na wazee waliokuwa nazo wakazipoteza. Mtazame sasa huyo aliyezipoteza. Dume wake ana meno mawili marefu yanayochomoza chini ya mdomo, na anapogombana na dume mwenziwe ndiyo anayochania. Silaha moja imeondoka na nyingine imeshika nafasi yake, na waliopewa ni madume. Kama kazi ya pembe ilikuwa kumkabili chui, badala yake ingepaswa kuonekana kwa jike pia, kwa kuwa jike ndiye anayelala na mtoto porini.

Ushahidi wa karibu zaidi uko Jozani, Unguja. Katika msitu ule na vichaka vya maweni vinavyouzunguka wamo paa wawili wadogo wa kulinganishwa. Suni ana kilo nne hadi sita: dume ana pembe zenye pete, zilizolala nyuma kufuata mstari wa uso, na jike hana kabisa. Paa nunga, ambaye duniani anapatikana Unguja na katika misitu ya pwani ya Kenya tu, ni mzito kidogo, ana kishungi chekundu utosini, na huyu dume na jike wote wana pembe fupi. Wote wawili waliishi karne kwa karne chini ya mwindaji mmoja, chui wa Unguja, kabla hajatokomezwa. Kama pembe ni kinga ya chui, kwa nini jike wa suni akaachwa mikono mitupu na jike wa paa nunga akapewa? Msitu ni mmoja, adui alikuwa mmoja, na miili inakaribiana. Hapa nadharia ya chui inakwama, na haina njia ya kujikwamua.

Jibu lilielekezwa vizuri mwaka 2009 na Ted Stankowich na Tim Caro, huyu wa pili akiwa mtafiti aliyefanya kazi miaka mingi Tanzania Bara. Walilinganisha aina 117 za ukoo wa ng'ombe na kuuliza swali moja: jike mwenye pembe ni yupi? Walikuta kwamba ni yule mwenye umbo kubwa anayeishi mahali pa wazi, mnyama asiyeweza kujificha. Jike mdogo wa kichakani hana, kwa sababu kinga yake ni kutulia asionekane, na akigunduliwa ni kuchomoka mbio. Suni ndiye huyo. Waliotoka nje ya kanuni walikuwa baadhi ya jamaa wa paa nunga, na sababu yao ni nyingine: majike wao hulinda eneo. Gérard Dubost aliyemchunguza chesi, paa mdogo wa jamaa hiyo, nchini Gabon miaka ya 1970 alieleza kwamba wanaishi wawiliwawili, dume akimfukuza dume mgeni na jike akimfukuza jike mgeni. Chesi huyo ndiye tuliye naye Pemba, katika msitu wa Ngezi, na jike wake kwa kawaida ana vipembe vifupi vilivyofichwa na kishungi. Kwa hiyo hata pale jike mdogo alipopewa pembe, anayechomwa nazo ni jike mwenziwe.

Wanaotetea upande wa pili hawakosi hoja, na moja yao ina uzito. Nyati jike na nyumbu jike wana pembe na huzitumia kweli dhidi ya simba na fisi. Craig Packer, anayejulikana kwa utafiti wa simba wa Serengeti, aliandika mwaka 1983 kwamba pembe za majike wa Afrika huwa nyembamba na zilizonyooka zaidi, umbo la kuchomea, ilhali za madume ni nene shinani na mara nyingi zimepinda, umbo la kudaka na kusukumana. Mimi naichukulia tofauti hiyo kuwa ushahidi mzuri kuliko wote. Umbo linasema kazi. Kitu cha kumchoma simba hakihitaji shina nene lililojaa pete. Pete na mkunjo vinafaa pale ambapo pembe mbili zinakutana na hazitakiwi kuteleza. Mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma akashuka na kugonga, kondoo hurudi nyuma akaja mbio, fahali wa nundu huweka paji kwa paji, akasukuma, kisha akageuza shingo kutafuta ubavu. Aliyetazama mchezo wa ng'ombe Pemba amekiona kitendo hicho: kichwa kinashuka, halafu pembe inakuja kwa upande. Anamfanyia mchezaji kilekile ambacho angemfanyia fahali mwenzake. Wahenga waliosema mafahali wawili hawakai zizi moja walikuwa wameshamaliza nusu ya somo hili.

Kwa faru pia ushahidi umegawanyika, lakini haukugawanyika sawa. Miaka ya 1990, Joel Berger na Carol Cunningham walitoa hoja kutoka Namibia kwamba mama faru waliokatwa pembe hawakuweza kuwakinga ndama wao na fisi, na wengine wakapinga kwamba wanyama waliohesabiwa walikuwa wachache mno kubeba hitimisho hilo. Mwaka 2023 Vanessa Duthé na wenzake walichapisha data za miaka 15 za faru weusi katika hifadhi 10 za Afrika Kusini. Waliokatwa pembe walipunguza eneo lao la kutembea kwa wastani wa asilimia 45.5, na uwezekano wao wa kukutana na faru wengine ulishuka kwa asilimia 37. Yaani kilichobadilika waziwazi ni uhusiano wake na faru wenzake: aliyenyang'anywa silaha hukwepa mipaka yenye ugomvi. Anayetaka kuwahurumia faru hawa, hapo ndipo pa kuelekeza huruma yake. Hata hivyo bado nasema kukata ni sahihi pale ujangili unapochoma, maana faru anayetembea eneo dogo yuko hai.

Hoja ya tatu inasema pembe ni za kupoza damu. Ni kweli kwamba kiini cha mfupa kimejaa mishipa, na C. R. Taylor alionyesha mwaka 1966, kwa kuwapima mbuzi, kwamba joto hupotea kupitia pembe mwili unapopata moto. Ng'ombe wa Ankole wenye pembe kubwa hutajwa kila mara. Lakini faida inayopatikana baadaye haiwi sababu ya mwanzo. Kama kupoza ndiko kulikozaa pembe, majike wa nchi za joto wasingekosa, na suni jike wa Jozani angekuwa wa kwanza kulalamika.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, hata skuli: mnyama alihitaji pembe, basi zikamwotea. Haja haioteshi kitu. Kinachotokea ni kwamba katika kila kizazi wapo wenye vichipukizi vikubwa kidogo na wenye vidogo, kwa urithi. Wanaoshinda mapigano hupanda majike wengi zaidi, na watoto wao hurithi. Ingekuwa haja, punda angeshaota pembe zamani, kwa kuwa naye ana maadui na wapinzani. Wazee wa punda walipigana kwa kuuma na kupiga mateke, na dume aliyeuma vizuri ndiye aliyeacha watoto. Uteuzi ulinoa kilichokuwepo. Ngamia vivyo hivyo: dume wake hupigana kwa meno na kwa uzito wa shingo.

Hapo huulizwa kwa nini basi madume wote wasiwe na pembe kubwa kabisa. Jibu lililopimwa vizuri linatoka kisiwani, na kisiwa kidogo kuliko vyetu. Kondoo wa Soay wanaishi bila mchungaji katika visiwa vya St Kilda, Scotland, na wamefuatiliwa mmoja mmoja kwa miongo kadhaa. Mwaka 2013 Susan Johnston na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba jeni iitwayo RXFP2 ina aina mbili, ya pembe kubwa na ya pembe ndogo, na kila kondoo hubeba nakala mbili. Dume mwenye nakala mbili za pembe kubwa hupata watoto wengi kwa msimu. Mwenye mbili za pembe ndogo huzaa kidogo lakini huishi zaidi. Mwenye moja ya kila aina hupata karibu uzazi wote wa kwanza na maisha ya wa pili, na kwa jumla huwazidi wote. Kwa hiyo aina zote mbili zinabaki. Pembe ina bei, na bei hiyo hulipwa kwa umri. Hilo haliwezi kuelezeka ikiwa pembe ni kinga ya uhai, kwa kuwa kinga haimpunguzii mwenyewe miaka ya kuishi.

Sasa turudi nyumbani. Mbung'o waliangamizwa Unguja kwa kuachia madume waliofanywa tasa, kazi iliyofanyika kati ya 1994 na 1997, na baada ya hapo njia ikafunguka kwa ng'ombe chotara wa maziwa wasiovumilia ugonjwa wa nagana. Ng'ombe hawa hufungiwa bandani, na banda ndilo linalofanya pembe kuwa tatizo. Ng'ombe wa kienyeji anayefungwa kamba peke yake chini ya minazi hana wa kushindana naye. Muache na pembe zake, hakuna unachopata kwa kuzitoa. Lakini weka wanne mbele ya hori moja, na pembe zitarudi kwenye kazi yake ya asili, ambayo ni kupanga nani ale kwanza. Ng'ombe asiye na pembe hutosheka na nafasi ya sentimita 70 hivi horini. Mwenye pembe anahitaji zaidi ya 85, na banda lisiwe na kona isiyo na pa kutokea, kwa sababu mnyonge akibanwa pembeni ndipo anapochomwa. Banda baya kuliko yote ni la mchanganyiko, mmoja ana pembe na watatu hawana. Huyo mmoja atanenepa na wenziwe watapungua maziwa.

Anayeamua kuzitoa afanye mapema na kwa ganzi. Kwa ndama, wakati mzuri ni wiki ya pili hadi ya nne, na usivuke wiki ya nane, kabla chipukizi halijashikana na fuvu. Daktari wa mifugo huweka mililita 5 hivi za dawa ya ganzi, lignokaini ya asilimia 2, kila upande, katikati ya kona ya nje ya jicho na shina la pembe, chini ya ukingo wa mfupa, kisha husubiri dakika 10 na kujaribu kwa ncha ya sindano. Chuma kilichopata moto sawasawa huzungushwa juu ya chipukizi kwa sekunde 10 hadi 20 mpaka duara lote liwe na rangi ya shaba. Sehemu iliyorukwa itaota pembe iliyopotoka, na mara nyingine huelekea jichoni. Kumkata ng'ombe mzima ni jambo jingine kabisa: uwazi wa paji umeshaingia ndani ya pembe, kwa hiyo shoka au msumeno hufungua tundu hadi kichwani. Damu hutoka kwa nguvu, na wakati wa masika usaha na funza hufuata. Kama si lazima kwa sababu ya jeraha, asikatwe.

Mbuzi anahitaji tahadhari zaidi, na makosa yanayoua hutokea hapa. Fuvu la mwanambuzi ni jembamba, na chuma kikishikiliwa kwa muda uleule wa ndama, joto hufika kwenye ubongo. Siku ya tatu hadi ya kumi ndiyo wakati wake, kwa mguso wa sekunde tatu hadi tano, kisha subiri, kisha rudia. Kila pembe ya mbuzi ina mishipa miwili ya fahamu, mmoja ukipita nyuma ya jicho na mwingine juu ya kona ya ndani ya jicho, kwa hiyo ganzi ni ya sindano nne. Ganzi nayo ina sumu kwake: isizidi miligramu 5 kwa kilo. Mwanambuzi wa kilo 3 anaruhusiwa miligramu 15, ambazo ni mililita 0.75 tu ya dawa ya asilimia 2. Ichanganywe na mililita 2.25 za maji ya chumvi ya sindano, zipatikane mililita 3, yaani 0.75 kila mahali. Chanjo au kinga ya pepopunda isisahaulike.

Wapo wanaoogopa kuzitoa kwa ajili ya soko la Idd el-Haj. Mwenye pembe ni bora kwa udhiya, hilo linajulikana, lakini kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi visiwani, asiye na pembe anafaa. Mfugaji wa mabeberu ya kuchinjwa ana sababu ya kuwaachia pembe. Mfugaji wa maziwa hana.

Njia isiyo na chuma ni kuzalisha wasio na pembe, na hapa ng'ombe na mbuzi wanaachana. Kwa ng'ombe, jeni ya kutokuwa na pembe hushinda ile ya pembe. Muulize mhimilishaji mrija wa mbegu ni wa dume gani: wa PP, mwenye nakala mbili za kutokuwa na pembe, atakupa ndama wote wasio na pembe; wa Pp, mwenye nakala moja, akikutana na ng'ombe mwenye pembe atakupa nusu. Hakuna dhara linalofuata. Kwa mbuzi wa maziwa kama Saanen na Toggenburg, badiliko la jeni lililogunduliwa mwaka 2001 ndilo linaloondoa pembe, na hilohilo, likirithiwa kutoka kwa baba na mama, humfanya mtoto wa kike awe huntha asiyezaa. Beberu na mbuzi jike wote wasio na pembe wakipandana, robo au zaidi ya watoto waliopaswa kuwa majike wataharibika, na mfugaji ataona tu kwamba bandani mwake kunazaliwa "madume" mengi. Basi upande mmoja wa ndoa hiyo uwe na pembe kila mara. Anayenunua beberu asiye na pembe amtazame vizuri utosini kabla ya kulipa: kovu la chuma ni mviringo mgumu usio na nywele, na beberu wa namna hiyo jeni zake bado ni za pembe, kwa hiyo anaweza kupandishwa kwa jike yeyote.